Simon van der Stel: Bwana wa Mizabibu ya Constantia

Msafiri atokaye Oyugis akapitia Rongo na Awendo mpaka Migori, kisha akashika njia ya Isebania, hataona mzabibu hata mmoja. Ataona miwa, mahindi, viazi vitamu na migomba; akikaribia Kuria ataona tumbaku; na akiteremkia upande wa Homa Bay na Mbita atalikuta ziwa, na nyavu zimeanikwa ufuoni. Mzabibu si mti wa huko. Unataka kiangazi kirefu cha kukaushia jani na kuivishia tunda, nazo mvua za magharibi mwa Kenya hazina subira hiyo. Kwetu Afrika Mashariki mti huu umeshika hasa Dodoma, nchini Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwa kiasi kidogo ukajaribiwa Naivasha.

Hata hivyo, leo tunawaletea wasomaji, na hasa wale wa Migori na Homa Bay, maisha ya mtu aliyejenga jina lake juu ya mzabibu. Wao watamwelewa upesi kuliko wengi. Mkulima apelekaye miwa yake mizanini Awendo, au tumbaku yake kwa kampuni iliyompa mbegu na mbolea kwa mkopo, analijua jambo ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: kulima kuna taabu yake, lakini taabu kubwa zaidi ni kuuza, na panapokuwa na mnunuzi mmoja tu, mizani ni yake na bei ni yake.

Mtu huyo ni Simon van der Stel, Gavana wa Rasi ya Tumaini Jema, aliyefariki mwaka 1712. Mji wa Stellenbosch nchini Afrika Kusini una jina lake. Bandari ya Simon's Town ina jina lake. Na shamba lake la Constantia, kusini ya mji wa Cape Town, lingali linatoa divai hata leo, baada ya zaidi ya miaka 300.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi watu wa pwani tuna majina mawili ya kinywaji hiki. Mvinyo tumelipata kwa Wareno, waliokuja na mapipa yao tangu siku za Vasco da Gama. Na divai likaingia baadaye kwa njia ya lugha ya Kifaransa. Ni kinywaji tulichokipa majina lakini wengi wetu, kwa sababu ya dini, hatukukipa nafasi mezani. Mwandishi wa makala haya naye yumo katika hao. Lakini si lazima mtu anywe kitu ndipo afahamu kilivyomwinua huyu na kumwangusha yule.

MTOTO WA BAHARINI

Simon alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1639, na hakuzaliwa katika nchi yoyote. Alizaliwa katika merikebu, baharini, wazazi wake wakiwa safarini kwenda kisiwa cha Morisi. Baba yake, Adriaan van der Stel, alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, naye alikuwa ametumwa kukisimamia kisiwa hicho. Adriaan ndiye anayekumbukwa Morisi kwa kuuleta muwa na kulungu kutoka Java katika mwaka ule ule wa 1639. Basi mkulima wa Awendo ajue kwamba baba wa bwana huyu wa zabibu alikuwa mtu wa miwa.

Mama yake aliitwa Maria Lievens. Baba wa Maria alikuwa nahodha wa Kiholanzi. Mama yake alikuwa mwanamke wa Bara Hindi, aitwaye Monica wa Pwani ya Goa, aliyekuwa mtumwa kabla ya kupata uhuru wake. Tulikumbuke hilo tunapoendelea. Gavana aliyewatawala Wazungu wa Rasi kwa miaka 20, na ambaye sanamu na majina yake yalipambwa baadaye na watawala waliowagawa watu kwa rangi ya ngozi, alikuwa mjukuu wa mwanamke wa Kihindi aliyewahi kuuzwa na kununuliwa.

Baba yake hakuishi sana. Alihamishiwa Seilani, na huko, mwaka 1646, akauawa na askari wa mfalme wa Kandy, na kichwa chake kikakatwa. Simon alikuwa na umri wa miaka sita tu. Akalelewa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, miongoni mwa harufu za karafuu na kungumanga, katika mji wa Wachina, Wajava, Wabugisi, Waarabu na Waholanzi. Hakuiona Uholanzi mpaka alipotimia miaka 20.

Alipofika Amsterdam alijaliwa. Mwaka 1663 akamwoa Johanna Jacoba Six, binti wa ukoo wenye mali na watu wenye vyeo, na wakazaa watoto sita. Muiderberg, karibu na mji huo, alikuwa na mashamba ya mizabibu, akajifunza kukamua na kutonesha. Nchi ile ya baridi na ukungu si nchi ya zabibu. Lakini aliyejifunza kuogelea katika maji mabaya, ukimtia katika maji mazuri huwashinda wengi.

Ndoa haikuwa na raha. Mwaka 1679 Kampuni ilipomteua kuwa mkuu wa kituo chake cha Rasi, alisafiri na watoto wake na shemeji yake, Cornelia. Mkewe alibaki Uholanzi, na wawili hao hawakuonana tena mpaka bibi huyo alipofariki mwaka 1700.

RASI ALIYOIKUTA

Waholanzi walikuwa wameshika Rasi tangu mwaka 1652. Hawakuja kuanzisha nchi; walikuja kuweka kituo cha maji, mboga na nyama kwa ajili ya merikebu zao ziendazo Batavia. Mabaharia waliokaa miezi baharini bila ya mboga walikuwa wakifa kwa kiseyeye. Jan van Riebeeck, mkuu wa kwanza, aliagiza vipandikizi vya mizabibu, na tarehe 2 Februari 1659 zabibu za Rasi zikakamuliwa kwa mara ya kwanza. Divai ile ilikuwa kali na chachu, na kwa miaka mingi iliyofuata wageni waliopita walikunja uso walipoionja.

Van der Stel alifika Oktoba 1679. Haukupita mwezi mmoja ila alikwisha panda farasi kuitazama nchi ya ndani. Akakuta bonde zuri lenye mto na udongo mweusi, akaliita Stellenbosch, yaani msitu wa van der Stel. Mwaka uliofuata walowezi wa kwanza wakagawiwa ardhi hapo. Neno kugawiwa ni lao. Wakhoikhoi, wenye ng'ombe na kondoo wa mikia minene, walikuwa wakilichunga bonde lile tangu zamani, wakija na kuhama kwa misimu. Na hapana aliyewauliza. Walikwisha pigana na Waholanzi mwaka 1659 na 1660 kwa ajili ya malisho hayo hayo, wakashindwa.

Kama mtawala, Simon alikuwa mkali wa kilimo. Aliamuru walowezi wapande miti, kwa sababu misitu ilikuwa imekatwa ovyo kwa kuni na mbao, naye mwenyewe akapanda mialoni kwa maelfu. Mialoni ya Stellenbosch, ambayo watalii huipiga picha, asili yake ni amri zake. Na juu ya divai akatunga amri moja ambayo mkulima ye yote ataitambua hekima yake: hapana ruhusa ya kukamua zabibu mpaka watu waliowekwa kwa kazi hiyo wazikague na kuona kwamba zimeiva. Atakayekamua mapema atatozwa faini. Aliona kwamba uchachu wa divai ya Rasi haukutokana na udongo. Ulitokana na haraka. Mkulima mwenye deni huvuna kabla ya wakati, kwa sababu tumbo na mdai hawajui kusubiri.

Alikuwa na tamaa ya madini pia. Wanama walikuwa wamemletea vipande vya shaba, na mwezi Agosti 1685 akaongoza msafara mkubwa wa magari ya ng'ombe kwenda kaskazini, katika nchi kavu ya Namaqua. Akaivumbua milima ya shaba kweli, akarudi Januari 1686. Lakini shaba ikiwa mbali na bandari, pasipo maji wala njia, ni mawe tu. Haikuchimbwa kwa biashara mpaka miaka ya 1850. Watu wa Migori wanaoijua Macalder na mashimo yake watacheka kidogo hapo: si kila anayeiona shaba huila shaba.

CONSTANTIA

Katika mwaka huo huo wa 1685 alifika Rasi mkaguzi mkuu wa Kampuni, Bwana van Rheede. Kwa idhini yake, tarehe 13 Julai, Simon alipewa ardhi yake mwenyewe nyuma ya Mlima wa Meza: morgen 891, yaani kiasi cha hekta 763. Akaiita Constantia.

Hakuichagua kwa kubahatisha. Yasemekana alipima udongo wa sehemu mbalimbali kabla ya kuamua. Miteremko yake inatazama bahari ya False Bay, na upepo unaotoka huko hupoza zabibu wakati wa jua kali la Januari na Februari. Udongo wake umetokana na mwamba uliooza, haushiki maji hata mizizi ikazama, wala haukauki hata mti ukafa kiu. Katika mahali kama hapo tunda huiva polepole. Na tunda liivalo polepole hukusanya sukari bila ya kupoteza ukali wake.

Hapa tueleze kidogo jinsi divai inavyopatikana, maana wengi wetu tumezoea busaa, mnazi na chang'aa, na kila kimoja kina njia yake. Zabibu karibu zote, ziwe nyeusi au za kijani, maji yake ni meupe. Wekundu umo katika ganda. Atakaye divai nyeupe hukamua na kuchuja mara moja. Atakaye nyekundu huyaacha maji pamoja na maganda yake siku kadhaa wakati yanapochacha, mpaka rangi na ule ugwadu wa ganda vimetoka. Kisha hutiwa katika mapipa ya mwaloni yakatulia. Asali huiva kwa nyuki. Divai huiva kwa pipa na saburi.

Kisha kuna fundi ya kuchanganya, nayo ndiyo sanaa yenyewe. Aina moja ya zabibu huwa na rangi lakini haina harufu. Nyingine ina harufu lakini ni nyepesi ulimini. Ya tatu ni kali ikiwa peke yake, lakini huzipa wenzake maisha marefu ghalani. Mwenye shamba hukamua kila aina mbali, akaonja pipa baada ya pipa, ndipo akapima: sehemu tatu ya hii, moja ya ile. Ni kama mpishi wa biriani anavyojua iliki ni ya kiasi gani na mdalasini ni wa kiasi gani. Mgeni mezani hataji viungo kimoja kimoja, husema tu kwamba chakula kimekamilika. Tena mchanganyiko ni akiba: mwaka ambao aina moja imeharibiwa na mvua, nyingine huiokoa.

Divai ya Constantia, nyeupe na nyekundu, ikapata sifa angali Simon hai. Ilikuwa tamu, kwa kuwa zabibu ziliachwa mtini mpaka zikaanza kunywea. Manahodha waliotia nanga walikuwa tayari kuilipia zaidi kuliko ile ya majirani. Kuna methali yetu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa haki ya Mungu, huyu alisifiwa asilitie maji.

MIKONO ILIYOKAMUA

Lakini nani alichimba mashimo? Nani alibeba vikapu? Nani aliingia katika birika akazikanyaga zabibu kwa miguu?

Walikuwa watumwa. Kampuni iliwaleta kutoka Bara Hindi, Seilani na visiwa vya Mashariki. Iliwaleta kutoka Bukini, ambako merikebu zake zilikwenda kuwanunua. Na wengine wengi wakatoka Msumbiji na mwambao huu wetu wa Afrika. Wanahistoria wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1652 na 1808 watu kiasi cha 63,000 waliingizwa Rasi kwa utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 idadi yao ilikwisha kuifikia ile ya walowezi. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, na hata hapo walifungwa miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi.

Katika mashamba ya mizabibu kulizuka desturi moja mbaya: kibarua alipewa divai, kikombe asubuhi na vikombe vingine mchana kutwa, kuwa sehemu ya ujira wake. Ilikuwa divai ya daraja la chini, isiyouzika. Utumwa uliondoka, desturi ikabaki, na iliendelea mpaka ndani ya karne ya 20. Ulevi na magonjwa iliyoyaacha katika familia za vibarua wa Rasi hayajakwisha. Anayezijua nyumba zilizovunjwa na chang'aa haitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba mnywaji wa chang'aa huifuata mwenyewe. Kibarua wa Rasi aliletewa na bwana wake, ili asiondoke.

Na hapa maisha ya Simon yanakutana na historia ya Uislamu kusini mwa Afrika. Kampuni iliifanya Rasi kuwa jela ya wakuu na wanazuoni wa Mashariki waliokataa kuitii. Kabla ya Simon kufika, katika miaka ya 1660, mashekhe wawili kutoka Sumatra, Abdurahman Matebe Shah na Sayed Mahmud, walihamishiwa msitu ule ule wa Constantia. Wakawafundisha dini watumwa waliotoroka na waliojificha mlimani. Makaburi yao yako huko mpaka leo, nayo huzuriwa.

Tarehe 2 Aprili 1694, Simon akiwa gavana, merikebu Voetboog ilimshusha Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni mkubwa na mwandishi wa vitabu kwa Kiarabu, aliyekuwa amepigana na Waholanzi huko Banten. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 70. Alifuatana na wake zake, watoto, wanafunzi na watumishi, jumla watu 49. Gavana alimpokea kwa heshima. Labda sauti ya Kimalayu ilimkumbusha Batavia ya utoto wake. Lakini heshima ile haikuizuia amri: sheikh akapelekwa Zandvliet, mbali na mji, ili asikutane na watumwa. Ikawa kinyume cha walivyotaka. Watumwa waliotoroka wakaijua njia ya kwenda kwake, na pale Zandvliet ikaota jamaa ya Waislamu. Mahali hapo leo huitwa Macassar. Sheikh Yusuf alifariki Mei 1699, miezi michache baada ya Simon kuacha ugavana.

KUCHANGANYA WATU

Mwaka 1688 zikaanza kufika merikebu zenye Waprotestanti wa Kifaransa, Wahugenoti, waliokuwa wamefukuzwa kwao kwa sababu ya madhehebu yao. Hawakuzidi 200, lakini baadhi yao walikuwa wanajua mizabibu. Simon akawapa ardhi upande wa Drakenstein na bonde ambalo hata leo huitwa Franschhoek, yaani pembe ya Wafaransa.

Akafanya kwa watu alivyofanya kwa zabibu. Hakuwaacha wakae pamoja. Aliwatawanya kati ya Waholanzi, nyumba ya huyu karibu na nyumba ya yule, kwa makusudi wasahau lugha yao. Walilalamika, wakataka kanisa lao; naye aliwakemea. Hila hiyo ilifaulu: katika muda wa vizazi viwili Kifaransa kilikuwa kimekufa, yakabaki majina ya koo kama du Toit, de Villiers na Joubert. Hapo ndipo palipo tofauti kati ya fundi wa divai na mtawala. Zabibu ikichanganywa na nyingine, kila moja hutoa harufu yake. Watu wakichanganywa kwa amri, aliye na nguvu hubaki na ulimi wake, na mnyonge huupoteza.

MWANA NA DHAMBI YA BABA

Mwaka 1699 Simon alistaafu, na ugavana akaachiwa mwanawe, Willem Adriaan. Mzee akahamia Constantia kukaa moja kwa moja, akishughulika na mizabibu, ng'ombe na mapipa.

Willem Adriaan alirithi upendo wa baba yake kwa kilimo lakini hakurithi kiasi. Alijipatia shamba kubwa, Vergelegen, akalijaza mizabibu, akatumia watumwa na watumishi wa Kampuni kana kwamba ni wake. Ndugu yake Frans alikuwa na shamba lake. Na baba yao ana Constantia. Ikawa gavana, anayekata bei na kutoa vibali vya kuuza divai na nyama kwa merikebu, ndiye huyo huyo mkulima mkubwa anayeshindana na wakulima wadogo. Mdogo akifika bandarini na pipa lake huambiwa Kampuni imekwisha jaza; na waliojaza ni jamaa wa nyumba moja.

Walowezi zaidi ya 60, wakiwamo Wafaransa, wakatia sahihi malalamiko na kuyapeleka kwa siri Batavia na Uholanzi. Gavana alipojua, Februari 1706, akamkamata mwandishi wao, Adam Tas wa Stellenbosch, akamfunga ngomeni zaidi ya mwaka mmoja. Lakini waraka ulikwisha vuka bahari. Mwaka 1707 amri ikafika: Willem Adriaan avuliwe cheo na arudi Uholanzi, Frans naye aondoke, Vergelegen igawanywe na kuuzwa, na watumishi wa Kampuni wasimiliki tena mashamba wala kufanya biashara.

Ni ushindi wa wakulima juu ya mnunuzi aliye pia mshindani wao, na watu wa miwa na tumbaku wataufurahia. Lakini wasiwafanye washindi kuwa malaika. Akina Tas walikuwa na watumwa wao. Katika malalamiko yale yale waliwatukana watu wenye damu ya mchanganyiko, kwamba si wa kuaminiwa. Na kila mtu Rasi alimjua bibi wa van der Stel alikuwa nani. Walidai haki ya soko kwa ajili yao, na papo hapo wakamfungia mlango aliye chini yao.

Mzee Simon hakuguswa. Aliachiwa Constantia yake. Lakini katika miaka yake ya mwisho alibaki na nyumba kubwa na wanawe mbali ng'ambo ya bahari. Alifariki tarehe 24 Juni 1712, umri wake ukiwa miaka 72, akazikwa katika kanisa la mjini. Mwaka uliofuata ndui ikaingia Rasi kwa nguo zilizoshushwa merikebuni zikafuliwe, ikawaua watumwa na walowezi wengi, na Wakhoikhoi, ambao hawakuwa na kinga nayo, ikawamaliza koo kwa koo.

SHAMBA BAADA YA MWENYEWE

Warithi hawakulishika shamba. Liligawanywa mafungu matatu likauzwa: Groot Constantia, yenye nyumba, Klein Constantia, na Bergvliet. Na sasa msomaji asikie ajabu. Groot Constantia ilinunuliwa na nahodha Oloff Bergh, na alipokufa mwaka 1724 ikawa ya mjane wake, Anna de Koningh. Bibi huyu alikuwa binti wa Ansela wa Bengal, mwanamke aliyeletwa Rasi mtumwa, akawa mali ya van Riebeeck, kisha akaachwa huru mwaka 1666. Nyumba aliyoijenga mjukuu wa mtumwa wa Goa ikaangukia mikononi mwa binti wa mtumwa wa Bengal, akaimiliki mpaka alipofariki mwaka 1734. Naye pia alikuwa na watumwa.

Mwaka 1778 shamba lilinunuliwa na Hendrik Cloete, na ukoo wake ukalikalia zaidi ya miaka 100. Hao ndio waliolipeleka jina la Constantia katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Divai yao nyekundu ilichanganywa zabibu ya muscadel, yenye harufu na utamu, na ile ya pontac, ambayo kinyume na nyingi hata nyama yake ni nyekundu, ili kuitia rangi. Napoleon, alipofungwa katika kisiwa cha Mtakatifu Helena kuanzia mwaka 1815, aliletewa divai ya Constantia mpaka siku zake za mwisho.

Kisha maradhi yakaja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ukungu wa majani, na baadaye mdudu wa mizizi aitwaye filoksera, viliiteketeza mizabibu. Akina Cloete walifilisika, na mwaka 1885 serikali ya Rasi ikalinunua shamba. Nyumba iliungua mwaka 1925, ikajengwa upya. Tangu 1993 shamba liko chini ya amana ya umma, na wageni hulipa kiingilio kuona ghala na kuonja divai. Miongoni mwa zinazouzwa imo nyekundu ya mchanganyiko kwa mtindo wa Bordeaux, iitwayo kwa jina la gavana.

Msomaji wa Rangwe au wa Uriri anaweza kuuliza: tutaondoka na nini, nasi hatuna mzabibu? Ataondoka na hesabu. Constantia haikupata jina kwa ukubwa. Yalikuwapo mashamba makubwa kuliko hilo. Ilipata jina kwa sababu mwenyewe hakuuza zabibu, aliuza divai. Alivuna kwa wakati, akakamua mwenyewe, akaweka ghalani, akampelekea mnunuzi kitu ambacho hakingeoza kesho yake. Muwa uliokatwa hauna siku nyingi. Samaki wa Homa Bay asiye na barafu ana saa chache tu. Na mwenye bidhaa inayooza hawezi kubishana bei. Wale wanaokausha samaki wao, wanaosindika, wanaotengeneza sukari guru kutokana na miwa yao, wanakifahamu tayari kile alichokijua van der Stel.

Ila katika hesabu hiyo watie pia upande wa pili wa daftari. Van der Stel aliweza kusubiri pipa liive kwa sababu hakuwalipa waliolijaza. Majina ya waliokanyaga zabibu zake hayakuandikwa juu ya chupa yoyote. Penye lango la Klein Constantia, chini ya mlima, liko kaburi la Matebe Shah, limejengewa kuba na kufunikwa nguo za rangi. Watu hufika hapo kusoma Fatiha, wakapitia kando ya mizabibu, na wengi wao ni wajukuu wa wale waliokamua.